Tupeane uzoefu: maleba ya wahusika wa filamu na tamthilia

Mwanzisha mada
Wadau, anayeijua kazi hii aweke vipimo, si picha tupu. Naanza na Dora Milaje, askari wa kike wanaomlinda mfalme katika filamu ya Black Panther (2018). Mtu anakutambua akiwa mbali, kwa rangi na umbo, kabla hajauona mshono. Kwa hawa askari, pesa ziende kwenye wekundu, pete za shingoni na kichwa kilichonyolewa. Ruth E. Carter, aliyepata Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya filamu ile, aliuchukua wekundu kwa Wamaasai na pete kwa wanawake wa Kindebele wa Afrika Kusini. Angalieni na cheo: pete za Okoye ni za dhahabu kwa kuwa ni jenerali, walio chini yake wanavaa za fedha.

Fundi cherehani
Pete zisiwe za chuma, na zisizunguke shingo nzima. Shona kwanza kola ya kitambaa kizito, ndani weka pamba, nyuma velkro. Vidole viwili vipite kati ya kola na koo. Visipopita, atakayevaa atavua kabla keki haijakatwa. Kisha kata mpira wa maji wa mm 12, vipande sita hadi vinane. Cha juu kitoshe mzunguko wa kola, kila cha chini yake kizidi kwa sm 1 hivi, vyote viachie nafasi pale kwenye velkro. Vishonee kwenye kola kwa uzi wa nailoni.

Kosa la wengi ni kupuliza rangi ya kopo juu ya huo mpira. Plastiki laini ina mafuta yanayotoka polepole, kwa hiyo rangi inabaki inanata siku nyingi halafu inabanduka kwenye mikunjo. Zungushia utepe wa dhahabu, au uvike kila kipande mfuko mwembamba wa kitambaa kinachong'aa.

Mkata sponji
Kinga ya kifua na mabega: sponji ngumu ya EVA, jamii ya kandambili na mikeka ya mazoezi. Mm 5 kwa kifua, mm 10 kwa mabega, mm 2 kwa nakshi. Kupata kipimo, atakayevaa avae fulana ya zamani, mzungushie plastiki ya kufungia chakula, juu yake masking tepu, uchore mistari. Kata pale kwenye mistari na unakili kwenye karatasi. Chora nusu moja tu kisha uigeuze, maana hakuna anayechora pande mbili zikalingana.

Wembe uwe mpya. Butu unaivuta sponji na kuacha ukingo wenye meno, na hapo gundi haishiki. Kabla ya rangi, pitisha bloa ya hewa moto mpaka uso ubadilike mng'ao, vinyweleo vinafunga. Draya ya nywele haina joto la kutosha.

Gundi ni ile ya viatu. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri dakika kumi au zaidi kukiwa na unyevu, hadi kidole kisinate, ndipo ugandamize. Ukiharakisha, kimiminika kinanaswa ndani na mshono unaachia ukumbini. Fanyia kazi nje, mbali na moto.

Mgeni
Wakuu, shughuli ni keshokutwa. Sisi tusio na muda?

Fundi cherehani
Ovaroli nyekundu ya kazi na barakoa ya sura ya mchoraji Dalí: hiyo ni La Casa de Papel, tamthilia ya Hispania, na kazi imekwisha. Chukua saizi moja juu, ivaliwe na nguo ndani. Au Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini: trakisuti ya kijani na namba 456 nyeupe kifuani.

Mkata sponji
Hapo kwenye namba, tahadhari. Trakisuti nyingi ni poliesta. Ukibandika vinaili nyeupe (plastiki nyembamba ya kubandika kwa joto) kwa pasi kali, rangi ya kitambaa inapanda juu na namba inageuka kijani hafifu. Kitambaa chenyewe kinaweza kuyeyuka. Kata namba kwenye kitambaa cheupe kizito, uishone kwa zigizaga. Hata kwa mkono ni kazi ya jioni moja.

Mwanzisha mada
Na mkuki wa Dora Milaje?

Mkata sponji
Bomba la plastiki la nusu inchi, mita 1.8, lakini likiwa tupu linapinda kama muwa. Ingiza fito ya mbao ndani. Likate katikati na uweke kiungio kisichogundishwa, maana mita 1.8 haipandi daladala. Piga msasa namba 220 kabla ya rangi, la sivyo rangi inabanduka kwa kucha. Ncha iwe ya sponji ya mm 10, na uulize mlangoni kama wanaruhusu.