Naomba ushauri: utaratibu mfupi wa kutunza uso kwa mwanamke aliyevuka miaka hamsini

Mwalimu wa Mafinga (mleta mada)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine nawasalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 57, na hedhi ilinikoma yapata miaka 5 iliyopita. Nilizaliwa na kukulia Pangani, ambako tangu utotoni nilijipaka mafuta ya nazi usoni na mwilini na sikuwahi kuwa na la kulalamikia. Miaka 3 iliyopita nilihamia Mafinga ili nikae karibu na wajukuu, na tangu hapo uso wangu umekuwa kama wa mtu mwingine. Ikifika Juni, ngozi huvuta mara tu ninapomaliza kunawa, mashavu hupauka kabla ya saa nne asubuhi hata kama nimejipaka mafuta hadi yakang'aa, na mabaka ya hudhurungi yaliyokuwa madogo yameanza kupanuka. Makunyanzi siyalalamikii sana, kwani nimeyafanyia kazi.

Mkamwana wangu, kwa nia njema kabisa, alinipeleka kwenye duka la vipodozi, tukatoka na vitu 9: sabuni ya maji, maji ya kupangusia, seramu 2, krimu ya mchana, ya usiku na ya macho, chembechembe za kusugulia na barakoa za karatasi. Nilivitumia vyote kwa wiki 2 kama nilivyoelekezwa, nikaishia na vipele na muwasho ulioninyima usingizi. Naomba mnisaidie: ikiwa mtu anataka vitu 3 au 4 tu, ni vipi, na vinapakwa kwa mpangilio gani? Pensheni yangu inaniruhusu kutenga shilingi 30,000 kwa mwezi, wala sina haja ya kuwa mweupe.

Mfamasia wa Zamu

Shikamoo Mwalimu. Kabla ya kukuongezea chochote, naomba nikupunguzie. Kwa wiki 2 weka kando vitu vyote 9, unawe kwa maji ya uvuguvugu, kisha upake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, basi. Ngozi iliyokasirika haiwezi kukuambia kipi kinaifaa na kipi kinaidhuru.

Ama kuhusu chanzo, hedhi inapokoma kiwango cha homoni ya estrojeni hushuka, na pamoja nacho hupungua mafuta ya asili ya ngozi na kolajeni, ile protini inayoipa ngozi unene na mshikamano. Inakadiriwa kuwa katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke hupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yake. Mabadiliko hayo huenda yalikuanza ukiwa bado Pangani, lakini hewa ya pwani yenye unyevu ilikusitiri, na hewa kavu ya Mafinga ndiyo iliyokuumbua. Mafuta ya nazi hayajageuka kuwa mabaya. Tatizo ni kwamba mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, bali huyafungia yale yaliyomo, na ukiyapaka juu ya uso uliokwisha kukauka unakuwa umefunika chungu kitupu.

Naomba unijibu mambo mawili: unanawa kwa sabuni gani, na je, unatumia dawa yoyote ya kumeza kila siku?

Asali Mbichi

Pole mama yangu. Kwa mabaka, kamua ndimu, changanya na sukari, sugua mara mbili kwa wiki. Ni vitu vya jikoni, havina kemikali.

Muuguzi wa Ngozi

Ndugu Asali Mbichi, kwa heshima zote, ndimu ina kemikali zake, na baadhi yake zikibaki kwenye ngozi kisha zikapigwa na jua huweza kuiunguza hadi itoe malengelenge na kuacha weusi unaodumu kwa miezi. Nimewaona akina mama waliokuja na baka dogo la kuondolewa wakarudi na la pili kubwa zaidi, lenye umbo la mchirizi wa maji ya ndimu. Sukari nayo ina kingo kali kwa ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba. Mwalimu, usijaribu.

Mwalimu wa Mafinga (mleta mada)

Marahaba mwanangu Mfamasia. Nanawa kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, kwa sababu mama yangu alituogeshea hiyo, na maji ni ya moto kwelikweli kwa kuwa baridi ya huku haina mzaha. Dawa ninayomeza ni ya presha, ile ya kukojosha, haidroklorothiazaidi. Asubuhi hukaa barazani nikiota jua kwa saa nzima au zaidi, kwani jua la huku halichomi.

Muuguzi wa Ngozi

Mwalimu, hapo ndipo penye kiini cha mabaka yako. Unachokihisi kuwa ni jua lisilochoma ni hewa baridi tu, kwa maana joto na miale inayoharibu ngozi ni vitu viwili tofauti. Miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, na Mafinga iko juu ya mita 1,500, hivyo uso wako unapigwa zaidi ulipo sasa kuliko ulipokuwa ukitokwa na jasho Pangani. Hata wingu haliizuii yote, na miale ya UVA, ambayo ndiyo inayochimba makunyanzi na kukoleza mabaka, hupenya kioo cha dirisha.

Jambo la pili ni hicho kidonge chako. Haidroklorothiazaidi ni miongoni mwa dawa zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kuathiriwa na jua. Tafadhali usiiache kwa sababu ya maneno yangu. Presha ni kubwa kuliko baka. Mweleze daktari wako utakapokwenda kliniki, naye ataamua.

Kwa hiyo nakushauri fedha nyingi ziende kwenye krimu ya kuzuia jua, yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga ya jua) 30 au zaidi na inayokinga miale ya UVA na ya UVB, ile inayounguza ngozi. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB na SPF 50 karibu asilimia 98, kwa hiyo usilazimike kununua ya bei kubwa kwa ajili ya tofauti hiyo. Tofauti kubwa huletwa na kipimo unachopaka. Chora mistari miwili kamili ya krimu juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati, na hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukikaa nje, rudia kila baada ya saa 2. Na kofia pana au ushungi uliovutwa mbele hauna gharama. Wapo wanaosema krimu hizi ni za Wazungu, ilhali pale Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, hutengenezwa krimu ya Kilisun kwa ajili ya Watanzania wenye ualbino. Weusi wetu ni kinga, lakini haikingi kila kitu.

Bi wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Nina miaka 61 na naunga mkono ya Muuguzi, ila naongeza la uzoefu: krimu nyingi za kuzuia jua zenye zinki huacha weupe kama wa mtu aliyepakwa unga, na wengi wetu huziacha kwa sababu ya aibu hiyo. Tafuta zilizotiwa rangi ya hudhurungi. Rangi hiyo hutokana na oksaidi ya chuma, nayo husaidia pia kuzuia mwanga wa kawaida unaokoleza mabaka. Jaribu kwanza kidogo kwenye taya, mbele ya mlango wenye mwanga, wala usiikadirie kwenye mkono.

La pili nalisema kwa uchungu. Nikiwa na miaka 50 niliuziwa kikopo kisicho na jina, nikaambiwa ni cha kusawazisha rangi. Miezi 3 ya kwanza kila mtu alinisifu. Mwezi wa sita ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa, na nilipoacha, uso ulivimba na kuwaka moto kwa majuma. Daktari aliniambia ulikuwa mkorogo wenye dawa kali ya steroidi. Mwalimu amesema hataki kuwa mweupe, lakini wauzaji hawatumii neno hilo; watamwambia "kung'arisha" na "kuondoa madoa".

Mfamasia wa Zamu

Bi wa Kibokoni amelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema. Nchini kwetu udhibiti wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, mwaka 2019, na vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, haviruhusiwi. Kopo lisilo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi usilifungue hata ukipewa bure.

Sasa Mwalimu, huu hapa utaratibu, baada ya zile wiki 2 za mapumziko. Asubuhi nawa kwa maji matupu, paka krimu ya kulainisha uso ungali na unyevunyevu, subiri dakika chache, kisha paka kinga ya jua. Jioni nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato. Sabuni ya mche iache ndooni pamoja na nguo, kwa sababu ngozi ina asidi kidogo na sabuni hiyo ni ya alkali, hivyo huondoa hata mafuta machache uliyobaki nayo. Usijifute hadi ukakauka. Paka krimu ile ile, na juu yake, katika miezi ya baridi, tone la mafuta yako ya nazi. Katika krimu tafuta glisirini, inayovuta maji, au keramidi, mafuta ya aina ile iliyomo kwenye ngozi yenyewe. Ukikosa, glisirini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji na kupakwa kwenye uso wenye maji, kisha ikafungiwa kwa mafuta ya mgando, hufanya kazi ambayo krimu za bei kubwa hujivunia.

Retinoli, ambayo ni jamii ya vitamini A, ni miongoni mwa vichache vyenye ushahidi wa kupunguza makunyanzi, lakini hukausha na kuchubua mwanzoni, na matokeo huchukua miezi. Nisingekuanzishia kabla baridi haijaisha. Utakapoanza, iwe usiku, mara 2 kwa wiki, kiasi cha punje moja ya choroko kwa uso mzima.

Bi wa Ng'ambo

Mimi ni wa Unguja. Je, liwa, ule unga wa mti wa kunukia tunaopaka usoni, nayo ni haramu? Maana naona kila cha asili kinapigwa rungu.

Muuguzi wa Ngozi

La hasha, Bi. Liwa iliyosagwa vizuri kwa maji ya waridi ikapakwa mara moja moja haina ubaya kwa mwenye ngozi tulivu. Ila ikikaukia usoni huvuta unyevu, kwa hiyo kwa Mwalimu, katika Julai ya Mafinga, ingoje. Singo nayo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia, iachwe kwa mwili, si kwa uso uliokonda.

Mwalimu wa Mafinga (mleta mada)

Narudi baada ya wiki 10. Uso hauvuti tena, na muwasho uliisha katika wiki ya kwanza ya kupumzika. Mabaka yapo, ila hayajapanuka. Kinga ya jua ilinigharimu 28,000 lakini kopo limenichukua mwezi na nusu, kwa kuwa nakiri sikuwa nikijaza vidole viwili kila siku. Daktari amenibadilishia kidonge. Barakoa za karatasi wajukuu walizivaa kuchezea mizimu. Nina swali moja lililobaki: nina vinundu vidogo vyeusi mashavuni, kama alivyokuwa navyo mama yangu, na jirani ananishauri nivikate kwa uzi.

Muuguzi wa Ngozi

Usivikate, Mwalimu. Vinundu vya namna hiyo, vinavyorithiwa katika familia nyingi za watu weusi, kwa kawaida havina madhara, na uzi utakuachia kovu au jeraha lenye usaha. Lakini kwa kuwa mimi sijakuona, mwonyeshe daktari siku ya kliniki ya presha, na siku hiyo hiyo vua viatu umwonyeshe nyayo na kucha pia. Kwa watu weusi, doa jeusi linalokua kwenye wayo, au mstari mweusi mpya unaopanuka chini ya ukucha, ndilo linalohitaji kuangaliwa haraka kuliko lolote lililoko usoni.