Kikundi cha ukoo: Saidi na mamluki wake

Saidi: Wakubwa shikamooni. Kaka Rajabu upo hewani? ile gemu ya Battle Brothers uliyoniambia niichukue kwenye ofa imenishinda, kampuni nzima imelala chini tena na hapo bado napigana na vibaka tu wa barabarani

Kaka Rajabu: marahaba. hahaha karibu ukumbini. umeweka ugumu gani

Saidi: Veteran. na Ironman nimewasha

Dada Zuhura: 😂😂 Ironman? nani kakutuma mdogo wangu

Dada Zuhura: Ironman gemu inasevu yenyewe, huwezi kurudi nyuma, mtu akifa ndo kafa. Zima hiyo kitu weka Beginner mpaka uijue, hakuna atakayekupa cheti. Hao jamaa wa Overhype walioitengeneza wako Hamburg huko Ujerumani wameitoa rasmi 2017 na mpaka leo watu wazima wanalia nayo sembuse wewe wa juzi

Kaka Rajabu: ila raha yake haili mashine, hata hiyo laptop yako ya asaimenti inaibeba. Wanajeshi wenyewe hawana hata miguu

Mjomba Athumani: Hawana miguu wanapiganaje sasa

Kaka Rajabu: shikamoo mjomba. wamechorwa kuanzia kiunoni kwenda juu, kama vile kete za bao la vita, unawasogeza kwa vyumba vyenye pembe sita. Kampuni ya mamluki, we ndo bosi, unaajiri watu vijijini, unachukua kazi mijini, unalipa mishahara kila siku

Mjomba Athumani: Marahaba. Mishahara kila siku? Hiyo ni tabu.

Saidi: ndo hivyo mjomba. Nimeanza upya sahivi, Veteran ileile lakini Ironman nimetoa. Wale watatu wa mwanzo ninao, Hoggart yule jambazi wa mwanzo nimemuua, nimeongeza wanne, mmoja wao Sellsword, mamluki mzoefu, mzuri kweli ana upanga wake

Dada Zuhura: ah ah ah. umemnunua Sellsword

Saidi: si anajua kupigana?

Dada Zuhura: Anajua ndiyo, lakini bei ya kumchukua tu ungevalisha watu watatu na mshahara wake wa siku ni wa wakulima wawili watatu, na akipigwa shoka la kichwa anakufa kama mkulima tu maana levo ya mwanzo hakuna mwenye damu ya kutosha. Kinachomuweka mtu hai mwanzoni ni ngao na deraa (vazi la vita), kipaji ni cha baadaye huko

Mjomba Athumani: Saidi una hela kiasi gani mkononi na mishahara ya siku ni kiasi gani.

Saidi: krauni 400 mjomba, mishahara ukijumlisha kama 85

Mjomba Athumani: Gawanya. Siku nne na ushee. Na hapo hujanunua chakula. Kwa hiyo mambo ya panga weka pembeni kwanza, una siku nne za kupata kazi inayolipa.

Kaka Rajabu: 👏👏 mjomba huyu angeimaliza hii gemu

Kaka Rajabu: na hela ikiisha hawakusubiri, hasira zinapanda, wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Chakula nacho kinaoza, kwa hiyo usijaze mzigo wa nyama. Ambacho usikose ni vifaa vya kutengenezea, vile vya nyundo, bila hivyo madera yako hayajitengenezi na kila pigano unaingia na nguo iliyochanika zaidi ya jana, halafu unashangaa mbona wanakufa

Dada Zuhura: *maderaya, madera ni yale ya shangazi 😂

Shangazi Mwajuma: Nimesikia natajwa

Dada Zuhura: shikamoo shangazi hapana tunaongelea vita

Shangazi Mwajuma: Marahaba. haya endeleeni

Saidi: sasa niajiri nani basi

Kaka Rajabu: mimi najaza haraka. Mkulima yule Farmhand, mchimba mgodi, mkata miti, mpiga matofali, watu wa jua kali, wana pumzi. Hata ombaomba namchukua, bei chee, anashika ngao anasimama, mshale ukija unamkuta yeye haumkuti mtu wa maana

Dada Zuhura: mi siafiki ya ombaomba. Anakula chakula kilekile na akifa ari ya wenzake inashuka, wakishaanza kutetemeka mkono ukosaji unazidi halafu mmoja anakimbia na wa pili anamfuata. Bora watu saba wenye ngao na kofia ya chuma hata kuukuu kuliko kumi na mbili waliovaa magunia

Kaka Rajabu: sawa lakini kumi na mbili ndo mwisho wa uwanjani kwa kampuni ya kawaida na ukiwa na watu wengi unamzunguka adui, kila mwenzako wa ziada anayemgusa unaongezewa asilimia 5 za kupiga

Dada Zuhura: wakiwa hai

Saidi: sasa hivi nasindikiza msafara wa mfanyabiashara na nimevamiwa njiani!! subirini nitume picha

Saidi: [picha]

Dada Zuhura: tulia usibonye kitu

Dada Zuhura: naona vibaka watano wale Thug, wana marungu na visu hao si tatizo. Raider wawili, majambazi wazoefu, hao ndo wenye kazi, mmoja kavaa deraa la minyororo mpaka magotini, basi hakuna magoti lakini umenielewa. Na mpiga mshale mmoja nyuma. We una saba na walinzi wa msafara watatu. Hapo unashinda ukiacha kukimbilia mbele

Saidi: nilikuwa naenda nao mbele

Dada Zuhura: baki. Upande wa kushoto si kuna kilima? panda. Ukiwa juu wao chini unaongezewa 10 kwenye kupiga. Kupanda kunakula pointi nyingi za zamu na kunachosha kwa hiyo panda sasa hivi wakiwa mbali, usipande wameshakushika

Kaka Rajabu: na walinzi wa msafara waache wapokee, usiwe na huruma, hao hulipi mshahara 😂

Mjomba Athumani: Huyo ndio Rajabu.

Saidi: nimepanda. watatu mbele wa ngao, wawili wana mikuki

Dada Zuhura: Safi. Mkuki ndo silaha ya mwanzo hiyo, unaongezewa 20 ya kupiga hata mkulima asiyejua anapata. Wale wa mkuki wape Spearwall zamu hii kabla hawajafika, kila anayesogea kuingia anachomwa na akichomwa anabaki pale pale hapiti. Ila mtu akishakugusa Spearwall huwezi tena kuiweka, ndo maana nakwambia sasa. Mwenye ngao wa tatu mpe Shieldwall, ainue ngao ajikinge, kwa sababu ya mishale

Saidi: Sellsword?

Dada Zuhura: muweke pembeni kulia amalizie wanaokwama. mwenye krosibo, ule upinde wa kufyatua, akae nyuma ya ngao, apige yule Raider ambaye hana minyororo

Saidi: wamekuja. dah wawili wamechomwa!! wa tatu kapita

Kaka Rajabu: mmalize huyo wote kwanza. Pigeni mtu mmoja mpaka aanguke, msigawane, watano waliopungua damu tu wanapiga sawasawa na watano wazima

Saidi: kaanguka. na mwingine kaanza kukimbia

Dada Zuhura: muache akimbie usimfuate. Ukivunja mstari kumfukuza kibaka, Raider anaingia katikati. Na ukitoka ulipo huku umeguswa na adui kila anayekugusa anapata pigo la bure, hilo ndo linaua wageni wengi kuliko hata orki, mtu anadhani anarudi nyuma kupumzika kumbe anajitoa sadaka

Saidi: mkulima wangu kachanwa mkono, imeandika jeraha. na uchovu wake umejaa nusu

Dada Zuhura: aache kupiga mara mbili. Una pointi 9 kila zamu, pigo la silaha ya mkono mmoja 4, kwa hiyo inakuvuta kupiga mara mbili kila zamu mpaka mtu anaishiwa pumzi hawezi hata kuinua ngao. Unarudishiwa 15 za pumzi kwa zamu, mwache apige moja akae

Saidi: Raider wa kwanza kafa kwa krosibo ya kichwa 🔥

Kaka Rajabu: kichwa ni moja na nusu ya dhara, ndo maana nasema kofia kabla ya panga

Saidi: amebaki yule wa minyororo na mshale na kibaka mmoja. Sellsword ampige upanga?

Dada Zuhura: HAPANA

Dada Zuhura: hilo deraa ni la kwako sasa. Ukilipiga na upanga unalipasua na likichakaa sana hulipati kwenye mizigo. Una visu?

Saidi: vile vya vibaka vipo viwili kwenye mifuko ya watu, nilivichukua pigano lililopita nikasahau kuviuza

Dada Zuhura: ndo vizuri. Kwanza mmalize kibaka. Mpiga mshale mtumie Sellsword. Huyu wa minyororo mzungukeni wanne pande zote asipate pa kukimbilia, maana ari ikimwishia anaondoka na deraa lako mwilini. Wawili wabadilishe silaha washike kisu, kubadili kunakula 4, zinabaki 5, halafu Puncture moja nayo ni 4. Puncture inapita katikati ya deraa inakwenda kwenye mwili moja kwa moja, deraa haliguswi. Kukosa kupo kwingi, ndo sababu ya kumzunguka. Wengine wote Shieldwall hawapigi kitu, wanamzuia tu

Mjomba Athumani: Huu sasa ni wizi wa nguo.

Kaka Rajabu: ndo uchumi wenyewe mjomba. Deraa kama lile dukani bei yake ni kazi tatu nne na ukiuza wanalinunua bei ya kutupa, kwa hiyo matajiri wote wa gemu hii wamevaa nguo za marehemu

Saidi: kakosa. kakosa. kapata!! kakosa

Saidi: amempiga mtu wa ngao, ngao imevunjika

Dada Zuhura: mwache hapohapo, akitoka anapigwa pigo la bure. Vumilia

Saidi: kapata mara mbili. AMEKUFA. aisee deraa limetoka zima na kofia yake, limepungua kidogo tu

Kaka Rajabu: 💪💪

Shangazi Mwajuma: nani amekufa

Saidi: mwizi shangazi, wa kwenye gemu

Shangazi Mwajuma: mnanishtua jamani watoto nyie

Dada Zuhura: samahani shangazi 🙏 Saidi sikia, usimvalishe Sellsword. Deraa zito linakata pumzi, mpe yule mkulima mwenye kifua, akipona. Kwanza mkono upone, mweke akiba siku mbili tatu ukiwa na dawa, akiingia na jeraha anapiga ovyo. Na akipanda levo anachagua vitu vitatu vya kuongeza, watu wa mbele ni kupiga kwa mkono na kujikinga kwa mkono, vya tatu ni pumzi au damu, hayo mambo ya upinde usimpe mtu wa ngao hata ukionyeshwa namba tamu

Kaka Rajabu: ila zile nyota pembeni ya uwezo ziangalie, mwenye nyota anapandishwa zaidi hapo. Halafu unaweza kulipia kumjaribu mtu kabla ya kumwajiri, utaona kama ni mlevi au ana pumu. Mwenye pumu na ngao ni msiba

Saidi: nimefika mjini, wamelipa 320. Ubaoni kuna kazi mbili, moja ya kupeleka furushi, ugumu fuvu moja, nyingine mafuvu mawili, wanasema kijiji kinasumbuliwa na goblini, inalipa 700 na mfanyabiashara anakubali kuongeza nikimsukuma

Kaka Rajabu: goblini acha

Dada Zuhura: Goblini acha kabisa. Wadogo vile lakini mishale yao ina sumu, wanakupiga kutoka mbali wakiwa porini, wana wapanda mbwamwitu, na yule mganga wao anakufunga watu wako kwa mizizi hawasogei. Kwa hao unataka watu wa levo tano sita na upinde wa maana na mbwa. Hata orki wadogo ukiona kambi yao geuza njia. Fuvu moja moja, vibaka, misafara, kupeleka barua. Wanaokuja wanaongezeka nguvu kadri siku zinavyokwenda, kwa hiyo usilale mjini bure, lakini pia usiruke

Saidi: 700 lakini dada

Mjomba Athumani: Sasa una 635, siku moja umelipa. Siku saba hizo. Hiyo 700 unaihitaji leo?

Saidi: hapana mjomba

Dada Zuhura: kwenye huo mji kuna banda la mbwa?

Saidi: lipo

Dada Zuhura: nunua mmoja, mpe mwenye krosibo amshike. Ukimwachia anakwenda moja kwa moja kusumbua wapiga mishale wao na wanaokimbia anawashika. Ngao nayo nunua ya kufidia ile. Halafu hilo deraa lingojee litengenezwe kabla hujatoka getini

Saidi: nimechukua mbwa na ngao. na furushi