Mlango wa handaki kwa reli ndogo ya nje: zege, mawe au mbao?

ReliRaskazone (Tanga)
Wakuu, habari za leo. Nina reli ndogo uani hapa Raskazone, njia ya milimita 45 kati ya chuma na chuma. Nimeichagua kwa sababu kwa skeli ya 1:22.5 (kila kitu kimepunguzwa mara 22.5) inalingana na reli ya upana wa mita moja, yaani hii yetu ya Tanga hadi Moshi ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kufika Muheza 1896. Kilima kimeshashindiliwa, imebaki milango ya handaki, upande wa kuingia na wa kutokea. Nataka mtu akiutazama aamini kwamba mlima ulitobolewa kweli. Njia ninazoziona ni tatu: kumimina zege kwenye kalibu, kujenga kwa mawe madogo, au fremu ya mbao. Nipo karibu na bahari, upepo una chumvi, na masika ya huku mnayajua. Waliokwisha kujenga naomba uzoefu.

FundiPongwe
Zege, ndugu yangu. Tengeneza kalibu ya plaiwudi, ilaze chini, mimina saruji moja kwa mchanga tatu, unene kama sentimita nne. Mchanga uwe wa mtoni na uuchekeche vizuri, wa ufukweni usiuguse. Likianza kushika, bado ukucha unaacha alama, chora mawe na viungo kwa msumari. Kisha lifunike kwa gunia na ulimwagilie wiki nzima, usiwe na haraka. Faida kubwa ni kwamba kalibu moja inakupa milango yote miwili.

Ila waya wa chuma usiweke ndani. Kwenye zege jembamba kiasi hicho chumvi inaufikia upesi, unashika kutu, unavimba na kupasua kila kitu. Tumia wavu wa plastiki ule wa plasta.

MjukuuWaKaole (Bagamoyo)
Fundi, nakuheshimu, lakini mawe ya kuchora yanaonekana ya kuchora. Jua la asubuhi likipiga ubavuni, jiwe halisi linatupa kivuli chake, moja limetokeza kidogo, jingine limezama. Msumari hauwezi kukupa hilo. Sisi huku tuna kuta za magofu ya kale ya Kaole, mawe ya matumbawe na chokaa, zimesimama karne nyingi jirani na bahari.

Kwa tao, kata plaiwudi nusu duara uisimamishe kama egemeo, panga mawe kutoka pande zote mbili kwenda juu, na la kileleni liwe la mwisho. Idadi iwe witiri ili moja likae katikati kabisa. Jiwe la sentimita 45 kwenye handaki la kweli, kwa skeli yako ni sentimita mbili. Pima hivyo hivyo yote. Matumbawe yawe ya kuchimbwa nchi kavu, ya baharini yaacheni.

FundiPongwe
Hapo kwenye kivuli umenishinda, nakubali. Lakini matumbawe yana vitundu. Kitundu cha milimita tano kwa skeli hiyo ni shimo la sentimita 11, hakuna fundi wa reli angelikubali jiwe la namna hiyo kwenye tao. Mawe ya chokaa ya huku Pongwe na Amboni yana uso uliofunga zaidi, na yanakatika vizuri kwa patasi.

MamaSigi (Muheza)
Kwenye mbao msipoteze muda. Mchwa wa pwani hawajali umepaka nini, na chini ya udongo wenye unyevu ndiyo kabisa.

Kaka ReliRaskazone, kabla ya kuchagua, treni yako ni ya enzi gani? Reli mpya ya kisasa (SGR) kule Kilosa milango yake ni zege tupu, na treni ni za umeme. Ukiwa na treni ya namna hiyo, zege la Fundi ndilo sahihi, safi bila masizi. Ukiwa na injini ya mvuke, weka mawe, na juu ya tao pake masizi yanayofifia kuelekea juu.

Halafu kilima. Handaki ni gharama, mjenzi halichimbi kama ana njia nyingine. Reli ya Sigi, iliyotoka Tengeni kupanda kuelekea Amani, ilipanda kwa treni kwenda mbele na kurudi nyuma mlimani. Kwa hiyo kama mlima wako umezidi tao kidogo tu, mtazamaji atajiuliza kwa nini hawakuukata wazi. Juu ya tao uache udongo mwingi. Njia ianze kuzama taratibu kabla ya mlango, kuta za pembeni zizuie udongo, na mfereji upite kila upande. Hii mifereji watu wanaisahau, na ndiyo inayoonyesha kwamba mlima unatoa maji.

Bwana_Korogwe
Ongezeni nafasi. Kama mlango uko kwenye kona, behewa refu katikati linaingia ndani ya kona na ncha zake zinatoka nje. Kwa kona ya nusu kipenyo cha milimita 600 tofauti hiyo ni kubwa. Funga kadibodi pembeni mwa behewa lako refu kuliko yote, lisukume taratibu, ndipo ukate kalibu.

Ndani, endeleza ukuta mpaka jicho linapokoma, baada ya hapo rangi nyeusi isiyong'aa. Sakafu iinamie nje. Na paa la handaki liwe la kufunuka sehemu, kwa sababu vyura, kaa na nyoka wanapapenda, na behewa likianguka ndani mkono lazima ufike.

ReliRaskazone
Asanteni sana, dada na wakuu. Treni ni ya mvuke. Basi nyuma nitamimina zege la Fundi lenye wavu wa plastiki, mbele nipachike mawe ya Pongwe. Mjukuu, viungo nijaze chokaa tupu?

MjukuuWaKaole (Bagamoyo)
Chokaa moja, mchanga laini tatu, na usubiri kiangazi. Chokaa inakauka polepole, mvua ikiiwahi inaoshwa yote. Viungo virudi ndani kidogo kuliko uso wa mawe.