Leo nimeazimwa soketi yangu mwenyewe iliyoibiwa, bosi anasema nisilete fujo

Wakuu habari za jioni. Samahanini uzi utakuwa mrefu na una hasira, ndo kwanza nimefika home, mikono ina oili hata sijaoga, ila nisipoandika sasa hivi nitalala na presha.

Mi ni fundi magari, gereji siitaji jina, iko hapahapa Dar, tuko mafundi sita na madogo watatu wanaojifunza. Kwa wasiojua hizi gereji zetu za uswahilini zinavyoenda ni hivi, bosi ana eneo, ana jeki kubwa, kompresa na mashine ya kusomea gari, basi, spana ni za fundi mwenyewe. Ukienda kuomba kazi hakuna anayekuuliza umesoma VETA gani, swali la kwanza ni "una spana?". Ukisema huna unaambiwa shika tambara ufute magari. Halafu mteja akilipa elfu hamsini ya ufundi bosi anakata ishirini yake hapohapo. Kwa hiyo mi ndo nimemletea mtaji, mi ndo nafanya kazi, yeye anakata. Sawa, hiyo nilikubali mwenyewe tangu siku ya kwanza silalamiki.

Sasa mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi nimefika saa moja na nusu, nikaenda kwenye boksi langu la spana, la chuma, nimelichomelea mwenyewe. Kufuli liko palepale, zima, halina hata mkwaruzo. Nikatoa funguo nikafungua vizuri kabisa, nikainua mfuniko. Tupu. Yani nilisimama pale kama dakika mbili nikidhani nimefungua boksi la mtu mwingine. Seti ya soketi (vile vichwa vya kufungulia nati) za nusu inchi kuanzia namba 10 mpaka 32 na racheti yake haipo, spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza bolti) haipo, mita ya kupimia umeme wa gari haipo, soketi ya plagi namba 16 haipo, plaizi za klipu hazipo. Nimeachiwa spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), nyundo, na bisibisi iliyovunjika mpini. Mwizi mchaguzi huyo asee, anajua kipi kina soko na kipi ni mzigo.

Nikachuchumaa nikaanza kukagua, ndo nikaona. Bawaba za nyuma nilizifunga kwa bolti namba 10 na vichwa vyake viko nje, hilo ni kosa langu nakubali. Kafungua bolti nne, kafungua mfuniko kwa nyuma, kabeba, halafu KARUDISHIA bolti zote na kuzikaza. Rangi kwenye vichwa vya bolti imechubuka mbichi kabisa. Sasa niambieni, kibaka wa mtaani anayeruka ukuta usiku ana muda wa kurudishia bolti? Huyo ni fundi, na ni mtu aliyekuwa na uhakika mlinzi hatamsumbua.

Thamani yake kama laki tisa hivi. Zile soketi nilichukua hela ya kikoba na marejesho mawili bado sijamaliza, maana yake nalipa deni la vitu ambavyo mtu mwingine anavitumia.

Nikaenda kwa bosi. Hata hakunyanyua macho kwenye simu, akanyoosha kidole ukutani. Pale ukutani kuna karatasi imeandikwa kwa makapeni GEREJI HAIHUSIKI NA UPOTEVU WA MALI YA FUNDI. Ameibandika pembeni ya ile ya wateja ya usiache vitu vya thamani ndani ya gari. Akaniambia "vifaa vyako ni juu yako, we si unajua". Najua ndio, ila hebu nikumbushe kitu, mwaka jana jeki ya gereji ilipotea, jeki YAKE, tukakatwa mafundi wote sita elfu thelathini thelathini bila kuulizwa, na wengine hata siku hiyo hawakuwepo kazini. Yani cha kwake kikipotea ni chetu wote, changu kikipotea ni changu peke yangu.

Nina mteja mmoja wakili, nilikuwa namtengenezea breki nikamhadithia. Akaniambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, mwajiri hawezi kukukata mshahara kwa sababu ya hasara bila wewe kukubali kwa maandishi, na lazima kwanza upewe nafasi ya kujieleza, na hata ukikubali makato yasizidi robo ya malipo yako. Nikamwambia mheshimiwa sisi mkataba wetu ni wa mdomo, akacheka akasema hata wa mdomo ni mkataba, nendeni CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi. Wenzangu nilipowaambia kila mtu akaanza kutafuta spana chini ya gari. Nawaelewa, ukipeleka bosi kwenye usuluhishi Jumatano, Alhamisi unafanyia kazi wapi.

Polisi nimeenda pia msiseme sijaenda. RB, ile namba ya taarifa yangu pale kituoni, nimepewa. Swali la kwanza risiti ziko wapi. Sasa jamani, mi spana nimenunua miaka tisa, moja moja, nyingine za mtumba za Japani, nyingine niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi alipohama mji, risiti natoa wapi? "Utajuaje ni za kwako, spana si zinafanana?" Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 258 na 265 cha wizi na 311 cha kupokea mali ya wizi, yote hayo wakili kanisomea kwenye simu, ila vifungu haviendi kukagua maboksi gereji. Faili limelala.

Na hapohapo nina IST ya mama mmoja juu ya stendi, hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) iko wazi. Wanaojua injini yake ya 1NZ wanajua, bolti za hedi ziko kumi, unaanza za katikati unatoka nje, unakaza zote kwa 29 Nm, halafu unazungusha kila moja nyuzi 90, halafu 90 tena. Bila spana ya toki hiyo 29 unaitoa wapi? Bosi anasema "kaza kwa mkono bwana, wazee wa zamani walikuwa na toki?" Wazee wa zamani walikuwa wanarudiwa na magari pia. Ukikaza kwa kuhisi bolti moja imezidi nyingine imelegea, gasketi inapitisha, baada ya miezi miwili unachomoa stiki ya oili unakutana na chai ya maziwa, na mteja hamlaumu bosi, analaumu fundi. Nikakataa. Nikaenda kuazima toki gereji ya jirani, jamaa akanambia acha simu yako hapa kama dhamana. Nikaacha simu. Sikukasirika, na yeye ameshaibiwa.

Halafu kuna hili la kuazima, hapa ndo wizi wote unapoanzia na hakuna anayelisema. Mtu anakuja mbio "braza nipe 12 mara moja", ana mteja kasimama, utamnyima? Mara moja hiyo inakuwa jioni, jioni inakuwa wiki, ukidai unaambiwa "si nilikurudishia?" na mbele za watu unaonekana mchoyo. Spana za namba 10, 12 na 14 ndo Toyota nzima hiyo, ndo zinaondoka kila siku. Namba 13 yangu ina miaka saba, hakuna anayeigusa mpaka aje mwenye gari la Mjerumani.

Na wala sisemi kila kinachopotea kimeibiwa. Mwaka jana kuna dogo alipigwa makofi hapa kwa ajili ya spana namba 12, wakamvua mpaka viatu, analia. Siku tatu baadaye Noah moja imerudi mteja analalamika inagonga, tunafungua boneti, spana hiyo hapo imelala juu ya injini, tulifunga nayo wenyewe. Hakuna aliyemwomba dogo msamaha. Nina rafiki fundi wa ndege, anasema kwao kila kifaa kina namba na mahali pake, kikikosekana kimoja ndege haitoki mpaka kipatikane. Hata ubao tu wa mbao uliochorwa umbo la kila spana, jioni unaona kabisa hapa pana pengo. Niliwahi kumwambia bosi tutengeneze, mbao nilete mimi, akasema eneo la ukuta anataka abandike tangazo la oili.

Kwa hiyo na mimi yaliponipata vijana walitaka kumkamata dogo mmoja deiwaka, nikasema asiguswe mtu mpaka nione kitu changu kwa macho.

Leo nimekiona.

Saa tisa hivi niko chini ya Rav4, nahitaji soketi 14. Za kwangu ndo hivyo sina, nikapaza sauti "nani ana 14 nusu inchi?". Fundi umeme wetu, ambaye ni mpwa wa bosi, akanirushia kutoka kule alipokuwa. Nikaidaka. Sijui niwaelezeje, wenzangu mafundi mtanielewa, mkono unajua. Uzito ule, pale kwenye mdomo kuna kipele kidogo kilichotokana na siku niliyoipiga nyundo kwenye nati ya hab. Nikaigeuza.

Sasa mjue mi soketi zangu zote nilizipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikazungushia mstari. Siku ile walinicheka gereji nzima wakaniita shosti. Hii mstari umefutwa, umesuguliwa kwa msasa mpaka kromu imefifia. Ila alisahau kitu kimoja, ile 14 imechongwa ndani ya chuma, na rangi iliingia mle. Nikafuta grisi kwa kidole gumba, nikapeleka kwenye mwanga, kwenye mguu wa ile 4 kuna wekundu umebaki mwembamba kama uzi. Nikatoka chini ya gari taratibu.

Nikamuuliza hii umeitoa wapi. "Nimenunua." Kwa nani? "Machinga tu, alipita hapa." Lini? Kimya. Nikasema naomba nione zingine ulizonunua kwa huyo machinga. Akafunga boksi lake akakaa juu. Amekaa juu ya boksi wakuu!! Mtu mzima ana ndevu. Wenzangu wote wameinama, mmoja kawasha kompresa makusudi ili kusisikike kitu.

Bosi akatoka ofisini, hakuuliza kuna nini, akaanza na mimi: "We mbona unaleta fujo mbele ya wateja? Soketi moja hiyo?" Nikamwonyesha ile rangi. Akaiangalia kama sekunde moja, akasema "rangi nyekundu iko kila mahali, hata mimi gari langu jekundu". Nimecheka kwa hasira. Akamaliza kwa kusema kama sina imani na wenzangu milango iko wazi, na kesho saa mbili tukae kikao "tulimalize kifamilia". Familia ya nani? Yeye na mpwa wake ndo familia, mi ni fundi.

Msije kuniambia nifunge kamera, kamera ipo, inaangalia meza ya hela. Msiniambie pia nihame, nitahama, ila nihame na spana malaya na nyundo? Kwa sasa vilivyobaki na vichache nilivyoazima narudi navyo nyumbani kila siku kwenye begi la mgongoni, konda wa leo kataka nilipe nauli ya mzigo, tumebishana kituo kizima.

Nachoomba kwa wanaojua, kesho kwenye hicho kikao naweza kwenda na mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa, na huyo mpwa afungue boksi lake mbele ya watu wote? Na polisi wakiona hiyo rangi kwenye namba watasema inatosha au watarudi kwenye risiti? Soketi sijairudisha, ninayo hapa mezani nimeifunga kwenye soksi.

Na wakati naandika huu uzi imeingia meseji ya huyo mpwa wa bosi: "Braza kesho usisahau kuniletea 14 yangu."