Naomba ushauri: igizo letu la mashindano limezidi muda

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenu hasa mliowahi kupanda jukwaani. Sisi ni kikundi kidogo cha maigizo, watu 7 tu, tupo Temeke, tunafanyia mazoezi uani kwa mwenzetu. Tumeingia mashindano ya maigizo mafupi, mwisho ni dakika 15 na ukizidisha unakatwa maksi, sasa la kwetu tumelipima jana lina dakika 22 na zimebaki wiki mbili.

Igizo linahusu mwanzo wa vita vya Maji Maji kule Nandete, umatumbini, Julai 1905, watu walivyochoka kulimishwa pamba ya Mjerumani kwa lazima wakaenda kuing'oa shambani. Tuna sini tatu: wanaume kupigwa viboko shambani, mganga Kinjikitile kugawa dawa ya maji kule Ngarambe, ile watu waliyoamini inazuia risasi, halafu kung'oa pamba. Wenzangu wanataka tukate ya dawa, mi roho inaniuma kabisa maana bila yale maji mtazamaji ataelewaje hawa watu walipata wapi ujasiri wa kukabili bunduki?

Mi nilifikiria tuanze moja kwa moja na kung'oa pamba, yale ya viboko mzee mmoja ayasimulie kwa wimbo dakika mbili hivi huku ngoma inapigwa chini chini. Ila mzee mwenyewe hajui kuimba, tumfundishe au tubadilishe mtu? Na majaji huwa wanaangalia nini zaidi, hadithi au uigizaji?

Nasubiri majibu yenu jamani, kesho jioni tuna mazoezi.