Uvimbe wa tumbo: S100 imeshika kote, CD117 seli mojamoja. GIST (uvimbe wa ukuta wa tumbo wa jamii ya seli za Cajal) au shwanoma (uvimbe wa ala ya neva)?

Slaidi_ya_Pili: Wakuu, naomba macho yenu. Mama wa miaka 58, uvimbe wa sentimita 5 ndani ya misuli ya ukuta wa tumbo (mfuko wa chakula), umetolewa wote, kingo safi. Seli ni ndefu, zimesukana, mgawanyiko karibu hakuna. S100 (kipimo cha kingamwili kinachoshika seli za ala ya neva) imeshika kote, CD117 (kipimo cha KIT, protini ya GIST) mojamoja. Matezi mawili ya limfu jirani yamevimba. Daktari wa saratani anauliza kama aanze imatinibu (dawa ya GIST).

Hadubini: Hiyo ni shwanoma, usiandike GIST. Rudi kwenye H&E (slaidi ya rangi ya kawaida) kwa lenzi ya x4, uzunguke pembezoni mwa uvimbe. Ukikuta limfosaiti (seli nyeupe za kinga) zimeuzingira, nyingine zimejikusanya kuwa vinundu vyenye kitovu cheupe, umeshaikamata. Usitafute ganda wala miili ya Verocay (safu za viini vilivyojipanga sambamba). Shwanoma ya tumboni kwa kawaida haina. Viini vichache vikubwa visikutishe maadamu seli hazigawanyiki.

Hizo za CD117 zisome kwa x40. Kama ni za duara na zimetawanyika, ni seli za masti (seli za kinga ambazo nazo hushika CD117), si za uvimbe. Hapo ndipo wengi wanapotelezea.

Mama_Maabara: Ongeza DOG1 (kipimo kingine cha GIST), maana haishiki seli za masti. CD34 (nayo hushika GIST nyingi) usiitegemee, baadhi ya shwanoma huishika. Ila kabla ya kuamini DOG1 hasi, tafuta seli za Cajal (zinazoratibu mwendo wa tumbo, na DOG1 huzishika) kwenye misuli ya kawaida ya slaidi hiyohiyo. Zisiposhika, kipimo kimefeli, rudia.

Na tafadhali, uvimbe wa sentimita 5 msiutumbukize mzima! Formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) hupenya polepole, katikati huanza kuoza kabla haijafika. Upasueni kwanza, muuweke kwenye formalini ya 10% yenye bafa, ujazo mara 10 ya tishu, saa 6 hadi 72.

Dkt_Kanda: Imatinibu hapana. Inazuia KIT na PDGFRA (protini zinazoendesha GIST nyingi), na shwanoma haiendeshwi na hizo. Kukata kwa kingo safi kunatosha.

Matezi kuvimba ni kawaida hapa, ni mwitikio tu. Hata PET (picha ya sukari yenye mnururisho) inaweza kuwaka kwenye uvimbe wenyewe, watu wakadhani ni saratani. Yachunguze yote, lakini usiandike imesambaa kama hujaziona seli zenyewe ndani.

Slaidi_ya_Pili: Asanteni sana. SOX10 (kipimo kingine cha seli za ala ya neva) nayo niiombe?

Hadubini: Iombe, inashika ndani ya kiini. Kumbuka tu melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) nayo hushika S100 na SOX10, kwa hiyo weka na Melan-A na HMB-45, vipimo vya melanoma.