Mlo upi uwe mkubwa kuliko yote? Nimefuata "asubuhi kama mfalme", mzani umepanda

Sahani_Moja (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, na nilipopimwa sikukutwa na ugonjwa wowote. Kwa miaka mingi asubuhi nilikuwa mtu wa kikombe cha chai tupu. Mchana napitisha chochote kilicho karibu. Nikifika nyumbani saa mbili usiku ndipo nakula kwelikweli, nashiba, nakaa kidogo, nalala. Usiku wa manane kiungulia kinaniamsha, kukicha sina hamu ya kula, basi siku inaanza vilevile.

Miezi miwili iliyopita nikaamua kufuata ule msemo unaozunguka kila mahali: asubuhi kula kama mfalme, mchana kama mtoto wa mfalme, jioni kama maskini. Ufalme nimeuweza. Umaskini umenishinda. Usiku ndiyo saa pekee familia nzima tunakaa meza moja, siwezi kukunja mikono nikawatazama wenzangu wakila. Matokeo yake nimeongezeka kilo 3.

Naomba ushauri: mlo mkubwa uwe upi hasa? Na huu msemo una ukweli, au ni maneno tu?

Jicho_la_Mzani
Mkuu umeshajijibu. Hukuhamisha mlo, umeongeza mlo.

MamaPacha
Pole kaka. Kabla watu hawajaanza kukupiga mawe, tueleze: unalala saa ngapi, unakula saa ngapi asubuhi, na hiyo sahani ya kifalme ina nini ndani yake?

Sahani_Moja
Nalala kama saa nne na nusu, naamka saa kumi na moja na nusu. Nakula saa kumi na mbili kamili kabla ya kutoka. Kusema kweli ni vitu vya unga na vya kukaanga, na glasi kubwa ya juisi. Najilazimisha. Ikifika saa nne nina njaa kama sijala kitu.

MamaPacha
Hapo kwenye kujilazimisha na kwenye juisi ndipo nilipokuwa napatafuta. Nawaachia wataalamu.

Lishe_Kazini
Mimi si daktari, nafanya kazi ya lishe. Nitaandika kirefu kidogo, mniwie radhi.

Msemo una ukweli, ila umekatwa mkia. Mwili una saa yake. Wamarekani watatu, Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyoendeshwa na jeni ndani ya seli. Kongosho, ini na utumbo navyo vinakwenda kwa mapigo hayo. Kwa watu wengi insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu, hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, kwa hiyo sahani ileile ukiila usiku sukari kwenye damu hupanda juu zaidi na kukawia kushuka. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu ya kula kingi mapema.

Lakini sukari ni jambo moja na uzito ni jingine. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Israeli, wanawake 93 wenye uzito mkubwa, wote wakipangiwa kilokalori 1,400 kwa siku. Kundi moja lilikula 700 asubuhi, 500 mchana, 200 usiku. Jingine likageuza kichwa chini miguu juu. Baada ya wiki 12 waliokula kingi asubuhi walikuwa wamepungua kilo 8.7 kwa wastani, wenzao kilo 3.6. Watu wakashangilia. Kisha mwaka 2022 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, wakawachukua watu 30, wakawapikia kila walichokula, wiki nne kwa mpango wa asubuhi kubwa (asilimia 45 ya kalori asubuhi, 35 mchana, 20 jioni) na wiki nne kwa mpango uliogeuzwa. Uzito uliopungua ulikuwa sawasawa, kama kilo 3.3 kila upande. Kilichotofautiana ni njaa: walipokula kingi asubuhi, siku nzima walisikia njaa kidogo.

Mimi nazisoma hivi: mtu akipikiwa na kupimiwa, saa ya kula haibadilishi sana mzani. Mtu akiwa huru na jiko lake, njaa kidogo humfanya aweze kuufuata mpango. Ila tazama jioni katika mipango hiyo ya asubuhi kubwa: kilokalori 200, au asilimia 20. Sehemu hiyo ya umaskini ndiyo wewe umeiacha.

Chuma_na_Jasho
Nitapinga kidogo. Mimi nafanya mazoezi saa kumi na mbili jioni, narudi nakula mlo wangu mkubwa saa moja na nusu, asubuhi nakunywa maji na kahawa. Miaka sita uzito haujasogea. Mwaka 2019 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 13 kuhusu kifungua kinywa. Waliokula asubuhi walimaliza siku wamekula kama kilokalori 260 zaidi ya waliokiruka, na hawakupungua uzito zaidi yao. Jumla ya siku ndiyo bosi. Saa ni karani wake.

Lishe_Kazini
Sikupingi. Uchambuzi huo unasema usimlazimishe mtu kula asubuhi ukidhani atapungua, na ndicho alichojifanyia mleta mada. Ila wewe unakula jioni ukitoka mazoezini, misuli ikiwa inavuta sukari kama sifongo. Yeye anatoka kwenye kiti. Na wewe hujataja kiungulia.

Chuma_na_Jasho
Hapo sawa.

Sahani_Moja
Sasa mbona asubuhi sina njaa kabisa? Nilidhani ni kwa sababu ya chakula cha usiku tu.

Lishe_Kazini
Hicho kinachangia, lakini kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi. Watafiti wa Marekani waliwaweka watu 12 kwenye vyumba vya mwanga hafifu, wakavuruga ratiba ya kulala na kula ili waione saa ya mwili peke yake. Njaa ilikuwa chini kabisa karibu na saa mbili asubuhi na juu kabisa karibu na saa mbili usiku. Saa mbili na saa mbili! Wewe unaingia mlangoni saa mbili usiku, njaa ya saa ya mwili iko kileleni, na mchana hukula cha maana. Hata malaika angepakua mara mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu: mlo mkubwa uwe wa mchana. Asubuhi ndogo lakini yenye protini, mayai au maziwa au jamii ya kunde, na tunda zima badala ya juisi. Ukitafuna tunda unapata nyuzinyuzi zake, juisi inakuachia sukari. Mchana kula mlo kamili, na usivuke saa tisa. Kule Hispania walifuatilia watu 420 waliokuwa wakipunguza uzito kwa wiki 20, na mlo mkuu wao ulikuwa wa mchana. Waliokula baada ya saa tisa walipungua kidogo kuliko waliokula mapema, ingawa kalori walizosema wanakula zilikaribiana. Jioni kaa mezani na watu wako kwa nusu sahani.

Msinziaji
Mchana nikila sana saa nane nalala juu ya meza. Bosi hanielewi. Hilo mnalitatuaje?

Lishe_Kazini
Usingizi wa mchana una mizizi miwili. Mmoja ni saa ya mwili yenyewe, hata asiyekula mchana husinzia. Wa pili ni sahani: wanga mwingi na mafuta mengi kwa pamoja huzidisha. Punguza wanga, ongeza mboga na protini, tembea dakika kumi ukimaliza. Na kama usiku unalala kwa muda wa saa tano tu, usikisingizie chakula.

ZamuYaUsiku
Sisi tunaoingia kazini saa tatu usiku na kutoka alfajiri mbona hatutajwi? "Asubuhi" yangu ni saa tisa alasiri.

Lishe_Kazini
Samahani ndugu. Kwako mlo mkubwa uwe kabla ya kuingia zamu, tuseme saa kumi na mbili jioni. Katikati ya usiku kula kidogo sana ukiweza, na ukitoka kula chepesi kisha ulale. Ukisha kufanya kazi usiku usidhani saa ya mwili imegeuka yote. Kuna jaribio la mwaka 2021, watu 19 waliwekwa kwenye zamu ya usiku ya maabara: waliokula usiku sukari yao ilipanda, waliokula mchana tu haikupanda.

ZamuYaUsiku
Usiku bila kula kitu ni mrefu, hujaufanya wewe. Lakini nitajaribu kupunguza.

Msomaji_Kimya
Huwa siandiki humu ila leo lazima. Mama yangu ana kisukari na anachoma insulini. Alisoma mambo kama haya akapunguza chakula cha jioni bila kumwambia daktari, sindano akaacha kipimo kilekile. Usiku sukari ikashuka, tukamkuta anatetemeka na jasho jingi, maneno hayaeleweki. Tulimpa maji ya sukari akarudi vizuri, lakini sitaki kuuona tena usiku ule.

Lishe_Kazini
Asante sana kwa kusema. Nilipaswa kuanza na hilo. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, asihamishe ukubwa wa mlo mpaka dozi ipangwe upya na anayemtibu. Vivyo hivyo mjamzito na aliyewahi kuwa na shida ya kujinyima chakula, waulize kwanza.

MamaPacha
Kaka, nirudi kwenye meza yako ya usiku, maana hapo ndipo utakapoanguka. Mimi yalinisaidia mambo mawili. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kuondoka kazini, nakula kitu kidogo, karanga au tunda, ili nisiingie nyumbani kama simba. Na sufuria inabaki jikoni. Ikiwa mezani mkono unaikuta wenyewe. Napakua mboga kwanza, nakula polepole, nazungumza. Mwezi mzima hakuna aliyeigundua sahani yangu ndogo isipokuwa mmoja wa pacha, naye alitaka kuninyang'anya hata hicho.

Kiungulia nacho: usilale kabla hazijapita saa mbili au tatu tangu umalize kula. Ukila saa mbili na ukilala saa nne na nusu uko ukingoni.

Sahani_Moja
Wakuu nimerudi baada ya wiki nne. Asubuhi mayai na tunda, juisi nimeiacha. Mchana saa saba nakula mlo wangu mkubwa, na nimeanza kubeba kutoka nyumbani kwa sababu "chochote kilicho karibu" kilikuwa sehemu ya ugonjwa. Usiku nusu sahani. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, nilikuwa nakasirika bila sababu, nikalala na tumbo linanguruma. Wiki ya pili ikatulia. Kilo moja na nusu imeondoka. Kiungulia kimenipata usiku mmoja tu, tulikuwa na sherehe na nilijua nafanya nini.

Cha ajabu, sasa naamka na njaa. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Limebaki swali moja. Jumapili tunachelewa kuamka, tunakula mlo mmoja mkubwa saa tisa, halafu saa mbili meza inaandaliwa tena kama kawaida. Nifanyeje?

Lishe_Kazini
Saa mbili hiyo una njaa?

Sahani_Moja
Hapana.

Lishe_Kazini
Basi kaa nao, kunywa chai.

Jicho_la_Mzani
Tupu.